Mwongozo kamili: boti ya tanga iliyoachana mbao kwa ukame, kutoka kwenye tope la Mtera mpaka inaelea

Kila ikifika Novemba napigiwa simu na stori ni ile ile. Boti ilikuwa nzima mwezi wa tano, maji ya bwawa la Mtera, huku kwetu Dodoma, yakarudi nyuma, boti ikabaki juu ya tope, tope likawa vumbi, na sasa mbao zimeachana mpaka unaona mwanga upande wa pili. Mwenyewe kaenda dukani kabeba silikoni, au simenti, au vyote viwili, kajaza kila mwanya, boti ikaingia majini ikatulia siku mbili, siku ya tatu taruma (mti wa ndani unaopigiliwa mbao) likalia kaa! na misumari ikaanza kuchungulia nje yenyewe. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa boti yangu ya kwanza, ya futi 20, kwahiyo hapa sicheki mtu.

Kosa ni moja tu. Ule mwanya unaouona Novemba sio tundu, ni nafasi ya ubao kurudia mwili wake. Ubao ukikauka haufupiki, unapungua upana. Ubao wa sentimita 20 ukipungua asilimia 2 tu umepoteza milimita 4, na kama ubavu mmoja una mbao sita hizo ni milimita 24. Ukijaza milimita 24 zote kwa kitu kigumu alafu ukaiweka boti majini, mbao zinavimba zinakosa pa kwenda, kinachofuata ni kusukuma mataruma na kung'oa misumari. Pwani hewa yenyewe ina unyevu, mbao hazikauki kihivyo, ndo maana ushauri wa mtu wa Dar ukiuleta Dodoma kama ulivyo unakuvunjia boti.

Kwahiyo utaratibu ni: nywesha kwanza, ziba kilichobaki baadae.

## Vifaa, uwe navyo vyote kabla hujaanza

- Magunia ya katani 10 au zaidi, yale ya zamani. Ya plastiki hayanywi maji, yaache.
- Pamba. Ntaieleza chini manake hapa wengi wanapigwa.
- Mafuta ya kupikia lita 1. Ya alizeti yanatosha, Singida na Kibaigwa yamejaa.
- Shahamu ya ng'ombe kilo 3 hivi, kutoka bucha au machinjioni.
- Chokaa ILIYOZIMWA, ya unga, kilo 5.
- Misumari ya gavanaizi inayozidi unene wa ubao na taruma kwa kama sentimita 2, maana ncha itapindwa.
- Patasi mbili butu. Patasi ya kalafati (kazi ya kuziba mianya kwa pamba) haikati, inasukuma. Patasi ya kawaida ipige msasa ncha mpaka ukipitisha kidole haikwangui.
- Nyundo ya mbao. Ya chuma ina hasira sana kwa kazi hii.
- Bisibisi ya zamani, drili au keekee, chaki, ndoo, sufuria ambayo mama watoto ameshaisamehe.
- Turubai la kivuli, glovu, miwani.
- Matofali au mawe bapa ya kuinulia.

Kuhusu pamba: ukiomba "pamba ya mto" utapewa sufi au polista, na zote hazifai. Sufi inakataa maji na ukiisokota inateleza inakatika. Polista ukiiwashia kiberiti inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba ya kweli inaungua kama karatasi, jivu lake laini. Kama huna jamaa wa Shinyanga wa kukutumia, nunua tambi za jiko la mafuta ya taa, zifumue upate nyuzi. Mimi natumia tambi mwaka wa nne sasa na sina malalamiko.

## Hatua ya 1: Itoe ardhini

Boti ikilala kwenye udongo wa kwetu miezi mitatu, mchwa wanaingia kutokea chini ya mkuku (uti wa mgongo wa boti, chini kabisa) na wewe juu huoni kitu. Inua omo (mbele), weka mawe, inua tezi (nyuma), weka mawe, alafu ongeza egemeo katikati kila baada ya mita moja na nusu. Egemeo liwe chini ya mkuku na chini ya mataruma, sio katikati ya ubao mtupu.

Watu wanapenda kumwaga oili chafu chini na kuipaka boti nzima. Usipake penye mianya. Mbao ikishalowa oili, rangi haishiki, na ukishaishusha majini utaona ile ngozi ya rangi rangi inaelea kwenye maji ambayo kuna watu wanachota. Mchwa wafukuze kwa kuinua na kusafisha, basi.

Umefaulu ukiweza kupitisha mkono chini ya boti kutoka mbele mpaka nyuma na boti haitikisiki ukiisukuma.

## Hatua ya 2: Chokonoa, toa takataka

Chukua bisibisi uchome kila penye wasiwasi, hasa pale ubao unapokutana na mkuku, kwenye fashini (mti wa kusimama kwenye ncha ya boti), na ndani kwenye ngama, yaani chini kabisa ambako maji ya mvua yanatuama. Usichome kwa nguvu, ni uzito wa mkono tu. Ubao mzima unarudisha ncha, mbovu unaimeza.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba maji ya chumvi yanasaidia kuhifadhi mbao, maji baridi kama ya bwawa hayasaidii. Sisi hatuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao ila tunalipia kwa kuoza, na kuoza kunaanza ndani. Boti yenye rangi nzuri nje inaweza kuwa sponji kwenye ngama.

Alafu kwangua mianya yote. Silikoni, simenti, lami, kila alichoweka mtu kabla yako. Mimi nimepinda ncha ya tupa la zamani ikawa kama ndoana, navuta nayo taratibu. Kazi hii inachosha, ni siku mbili za kuchutama, na ndo hatua wanayoiruka wengi wanaoshindwa, manake silikoni ikibaki kidogo tu pamba haishiki na ubao haufungi. Usitanue mwanya, toa uchafu tu.

Ubao uliooza ukate mpaka ukute mbao nzima, na kiungo kiangukie kwenye taruma au uweke kibao cha kukingia ndani. Mninga ndo chaguo langu, hauchezi sana na maji. Paini za Mafinga ni bei poa, zitumie kwa vikalio na sakafu ya juu juu, chini ya maji hapana. Ubao mpya ukiwa mkavu uachie nafasi kama milimita 2 kila upande, utaijaza wenyewe.

Msumari uliooza kutu usiutoe na kurudishia tundu lile lile. Toboa pembeni kidogo, tundu liwe jembamba kuliko msumari, funga nyuzi mbili tatu za pamba yenye mafuta chini ya kichwa, gonga, alafu ndani pinda ncha ilale kufuata taruma huku mtu kashikilia chuma kizito nje. Ukipiga bila kutoboa mninga utapasuka na utanikumbuka.

## Hatua ya 3: Nywesha (hapa usiwe na haraka)

Njia mbili, inategemea maji yako umbali gani.

Maji yakiwa karibu. Isogeze boti kwenye maji ya kina kifupi, chini pawe tope laini, sio mawe. Iache ijae. Weka magunia mawili ya mchanga ndani ikae chini vizuri, ifunge kwenye kigingi. Siku 3 mpaka 7. Kila baada ya siku mbili toa maji uangalie. Tahadhari: Mtera kuna mamba na viboko, kazi ya pembeni ya maji ifanye mchana, muwe wawili, mmoja kazi yake kuangalia maji. Na yale maji yaliyotuama kwenye majani usisimame humo bila buti, kichocho hakibishi hodi.

Maji yakiwa mbali. Mwaka jana kutoka boti ilipo mpaka maji nilihesabu hatua mia nne, kwahiyo nilitumia hii. Tandika magunia yaliyolowa ndani yote, yabane kwenye mbao kwa vijiti, mwaga maji asubuhi na jioni. Nje ning'iniza turubai la kivuli mpaka karibu na chini ili upepo usipige mbao, manake ule upepo wetu wa Oktoba na Novemba unakausha upande wa nje haraka kuliko unavyolowesha ndani. Siku 7 mpaka 10.

Onyo kubwa: usijaze boti maji ikiwa juu ya mawe. Boti ya mita 6 yenye maji ya kina cha sentimita 30 inaweza kubeba tani moja na nusu, ni kama ng'ombe watano wakubwa wamesimama ndani. Mkuku unapinda na hakuna kalafati duniani itakayourudisha.

Siku mbili za kwanza hutaona mabadiliko na utasema huyu jamaa katudanganya. Vumilia. Mimi huwa nachora alama tatu za chaki kwenye mwanya mpana kuliko wote na kupima kwa sarafu. Siku ya kwanza sarafu inaingia yote inapotelea ndani, siku ya nne inaingia nusu, siku ya saba inasimama mdomoni.

Umefaulu pale mianya mingi ikiwa imefunga kiasi cha kucha kutoingia, na imebaki michache iliyo wazi. Hiyo michache ndo kazi yako. Kwenye boti yangu mianya kumi na nane ilibaki mitano.

## Hatua ya 4: Jaribio la ndoo

Boti ikiwa juu ya mawe, mwaga ndani maji ya kina cha kiganja tu, usizidishe. Kaa nje na chaki. Panapodondoka tone moja moja weka nukta, panapotiririka weka mstari. Penye nukta paachie maji yamalize yenyewe, penye mstari utapiga kalafati. Toa maji, funika kwa kivuli, subiri siku moja mpaka uso wa mbao usiwe na maji ya kuchuruzika ila bado una ubaridi ukiugusa.

Usisubiri ukauke kabisa. Ukikauka umerudi Hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Kalafati

Hii nilifundishwa na fundi mmoja mtu wa Pangani aliyekuja kuvua huku akabaki. Mimi napiga nyundo, yeye kakaa pembeni kaweka kiganja kwenye mwanya wa jirani, macho kafumba. Nikadhani kalala. Kumbe anasikiliza kama ninavyobana huku nafungua kule. Nikizidisha tu ananiambia, "Mjomba, umeamsha wa pili."

Fanya hivi:

1. Sokota pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko mwanya. Ichovye kwenye mafuta, alafu ikamue mpaka isidondoke. Mafuta mengi yanateleza, pamba inatoka.
2. Anza na mwanya wa mkuku. Ndo unaovuja zaidi, na ndo unaochosha mgongo, ufanye ukiwa na nguvu.
3. Ingiza kwa patasi, kila sentimita 5 sukuma kidogo, usivute uzi ukanyooka. Mwanya ukiwa mpana kunja vijitanzi vidogo vidogo.
4. Ukishaingiza wote rudi mwanzo upige kwa nyundo ya mbao. Mwanzo sauti ni puf, puf. Pamba ikikaa sauti inakuwa ko, ko. Ikifika ko umemaliza, ongeza nyundo hapo utatokea ndani.
5. Pamba ikae chini ya uso wa ubao kama milimita 3, hapo patajazwa deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa, Hatua ya 6).

Mwanya chini ya milimita 2 baada ya kunywesha usiuguse. Kati ya 2 na 5 pamba. Ukizidi 5 usijaze pamba kama unashindilia godoro, chonga ufito mwembamba wa mbao ile ile, gundisha upande MMOJA tu kwa gundi isiyoogopa maji, upande wa pili uache uteleze na uweke pamba kidogo. Ukigundisha pande zote mbili umeunganisha mbao mbili kuwa moja, kiangazi kijacho itapasuka sehemu nyingine. Na ile gundi nyeupe ya fenicha ya kawaida isahau, inalainika majini.

Umefaulu ukibonyeza pamba kwa dole gumba na haizami, na ukichungulia ndani huoni nyuzi.

## Hatua ya 6: Deheni

Hapa Dodoma tuna bahati. Shahamu sisi tunayo kwa kumwaga, ni kwenda siku ya mnada tu.

Yeyusha shahamu kwa moto mdogo, nje, mbali na boti. Chuja. Epua, isubiri ipoe kidogo, alafu ongeza chokaa kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe nzito kama ugali unaoanza kushika mwiko. Chokaa iwe iliyozimwa, sio ile hai ya mabonge, hiyo inachemka ikikutana na maji na inaunguza macho. Miwani vaa, glovu vaa. Na mafuta yakishika moto usimwagie maji, funika sufuria na mfuniko.

Jaza ile milimita 3 juu ya pamba, alafu pakaza chini yote mpaka mstari wa maji. Tumia kiganja, brashi haisukumi.

Kwanini deheni na sio epoksi? Kwasababu mbao za boti hii zitaendelea kucheza kila msimu, na deheni inacheza nazo. Epoksi ni nzuri kwa boti iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo, kwenye boti ya misumari ya miaka 20 itapasuka kwenye kila kiungo.

Ila kuna mawili. Kwanza, jua letu linayeyusha shahamu, kwahiyo paka saa kumi na moja jioni na boti iingie majini kesho yake alfajiri. Pili, usiku huo ifunike. Mbwa wa jirani alinilambia karibu nusu ya ubavu wa kushoto na asubuhi alikuwa hana hata aibu.

Juu ya mstari wa maji paka rangi ya mafuta, siku kadhaa kabla ya deheni, na iwe nyeupe au rangi ya mwanga. Nyeusi na bluu iliyokolea zinavuta joto na kukausha mbao.

## Hatua ya 7: Kuishusha

Alfajiri, watu sita, magogo ya kuviringishia. Ikishaelea usipandishe tanga, usipakie kitu. Ifunge, kaa nayo.

Itavuja. Nasema tena, itavuja, usipaniki ukaanza kuchomeka matambara. Hesabu ndoo kwa saa. Yangu siku ya kwanza ilikuwa ndoo nne kwa saa, jioni mbili, kesho yake moja, siku ya tatu nilifua ngama (kuchota maji ya ndani) mara moja asubuhi nikapata nusu ndoo. Huo ndo mwendo unaotaka, namba inashuka. Namba ikipanda au ikigoma siku mbili, itoe, rudi kwenye chaki.

Panapochuruzika kwa ukaidi kuna ujanja wa zamani: chukua vumbi la msumeno kwenye kopo, lizamishe chini ya boti usawa wa mwanya kutokea nje ukitumia mti mrefu, ligeuze. Maji yanayoingia yanalivuta vumbi linakwama linavimba. Sio matibabu, ni panadol, itakufikisha wiki.

## Hatua ya 8: Tanga, kamba na mlingoti

Kwa kifupi, manake hapa wengi wanaweza. Tanga la turubai likikaa juani mwaka mzima linakufa kimya kimya: sukuma kidole gumba katikati ya kitambaa, likitoa mlio wa karatasi au kidole kikipenya, usishone kiraka, badilisha kipande kizima. Kiraka kiwe pande zote mbili na pembe zake za mviringo, pembe kali ndo inapoanzia kuchanika.

Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kuliongozea) zifumue katikati kwa kusokota kinyume uone ndani. Kamba ya katani inaoza ndani nje ikiwa safi, kamba ya manila, hii ya plastiki, inaota unga unga kwa jua. Unga ukibaki mkononi, ni ya kufungia mbuzi sasa.

Mlingoti ung'oe uangalie mguu wake, pale unapokalia tundu. Maji yanakaa humo mwaka mzima. Toboa kijitundu cha kutolea maji kama hakuna. Na foromali (mti unaobeba tanga) iangalie penye kiungo, kamba ya kufungia ikicheza kaza upya.

Jaribio la kwanza fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, tanga nusu, karibu na ufukwe, jaketi la kuokolea kila mtu. Angalia visiki vya miti iliyozama, maji yakiwa chini vipo futi moja tu chini ya uso na vinapasua kazi yako yote ya wiki tatu. Kama boti ni ya kuvulia au kubeba watu, maliza habari za ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) na leseni kabla hujaanza kuonekana katikati ya bwawa.

## Ili Novemba ijayo usirudie yote haya

Maji yakianza kukimbia, mwezi wa saba hivi, ifuate. Kila wiki isogeze kidogo iendelee kugusa maji. Ikishindikana, iinue, kivuli, magunia ndani, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Mimi nakaa mjini kwahiyo kuna kijana wa pale pale namtumia hela kidogo kila Jumapili, na sharti letu ni moja: kabla sijatuma ananitumia picha ya sarafu imesimama kwenye mwanya.